Hita mpya, ugonjwa uleule

Baridi ya Dodoma huanza kung'ata mwishoni mwa Mei. Juni na Julai joto la usiku hushuka hadi nyuzi 14 na wakati mwingine chini ya hapo, na maji yaliyolala usiku kucha kwenye tenki la juu ya mnara hayashikiki asubuhi. Hiyo ndiyo miezi hita za maji zinapofanya kazi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na ndiyo miezi zinapokufa. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, nyumba zimejengwa kwa kasi Ilazo, Kisasa, Nkuhungu, Iyumbu na kwingineko, na katika nyingi ya nyumba hizo kuna silinda nyeupe imetundikwa ukutani bafuni. Silinda za wale waliotangulia kujenga sasa zimefikia umri wa kutolewa.

Mwenye nyumba hita ikimfia hufanya jambo linaloonekana la busara. Anakwenda dukani, anaulizia ya ukubwa uleule, anampigia fundi simu, na kabla ya magharibi mpya imening'inia kwenye bolti zilezile, imeungwa kwenye mabomba yaleyale na nyaya zilezile. Siku ya pili watoto wanaoga maji moto na mambo yamekwisha. Miaka michache baadaye anarudi dukani tena, analalamika kwamba vifaa vya siku hizi havidumu.

Zipo hita duni, sikatai. Lakini kwa hita nyingi nilizoona zikishushwa, kilichoziua hakikuwa ndani ya boksi zilimotoka kiwandani. Ziliuawa na maji yaliyopita ndani yake, nyaya zilizozilisha umeme, au valvu ndogo ya shaba ambayo fundi aliona haina maana akaiacha. Ukibadilisha hita bila kugusa hayo matatu, umenunua saa ya kuhesabu muda upya.

Nianze na maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Ni maji ya chini ya ardhi, na yakipita kwenye miamba hubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Watu huyaita maji ya chumvi. Shuleni tulifundishwa kuyaita maji magumu, yale yasiyotoa povu la sabuni upesi. Wengine, hasa pembezoni mwa mji, wamechimba visima vyao ambavyo maji yake ni makali zaidi. Yakiwa baridi, madini hayo yametulia ndani ya maji. Yakipashwa moto, kalsiamu hujitenga na kugeuka chokaa, na chokaa hiyo haitafuti mahali pengine pa kukaa bali pale penye joto kali kuliko pote, yaani kwenye elementi.

Nilikuwepo Kisasa, nyumbani kwa jirani, siku fundi alipofungua hita ya lita 80 iliyokuwa ikiangusha breka kila inapowashwa. Alizima umeme kwenye boksi kuu, akarudi bafuni akazigusa nyaya kwa tesita kuhakikisha, kisha akafunga koki ya maji baridi na kufungulia bomba la maji moto ili hewa iingie. Maji ya kwanza yalitoka safi. Yaliyofuata yalikuwa ya kahawia, na ya mwisho yalitoka na chembe nyeupe zilizokuwa zikigonga beseni. Alifungua nati za sahani ya chini, akaivuta elementi nje taratibu. Bomba lake, ambalo unene wake halisi ni kama milimita nane, halikuonekana kabisa. Lilikuwa limevikwa gamba jeupe, gumu, lililopasukapasuka. Alipoligonga kwa mpini wa bisibisi likabanduka kwa vipande, na chini yake chuma kilikuwa cheusi na kina ufa mwembamba.

"Mama, umeme ulikuwa unavujia hapa," alisema fundi, akamwonyesha mwenye nyumba ule ufa. "Breka ilikuwa inawaokoa."

Hivyo ndivyo inavyokuwa. Gamba la chokaa huzuia joto lisitoke kwenye elementi kwenda kwenye maji. Joto likikosa pa kwenda, ganda la elementi linachemka kupita kiasi, linapasuka, maji yanaingia hadi kwenye waya wa ndani, na kuanzia hapo maji ya kuogea na umeme vimekutana. Kabla ya kufika hatua hiyo hita hutoa dalili: inakoroma na kulialia inapopasha, inachukua muda mrefu kuliko zamani, na uniti za LUKU zinayeyuka bila mwenye nyumba kuelewa kwa nini.

Kando ya elementi kulikuwa na kitu kingine ambacho mwenye nyumba hakuwahi kujua kama kipo. Ni fimbo ya magnesiamu, inayoitwa anodi. Tenki la hita ni la chuma lililopakwa ndani rangi ngumu ya kioo, na haikosi vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Bila kinga, kutu ingeanzia hapo. Kwa kuwa magnesiamu huliwa na kutu upesi kuliko chuma, wahandisi waliiweka fimbo hiyo iliwe kwanza. Ile niliyoiona Kisasa ilikuwa imekwisha, umebaki waya mwembamba wa katikati. Kwa maji kama ya Dodoma anodi inapaswa kukaguliwa kila mwaka au miaka miwili, na kubadilishwa ikishaliwa zaidi ya nusu. Ni kazi ya saa moja au mbili kwa fundi anayejua, na gharama yake haifiki hata karibu na bei ya hita. Lakini sijamsikia muuzaji akimwambia mteja habari hiyo dukani, nami naona ni dhuluma ya kimyakimya kwa wanunuzi.

Kwa hiyo swali la kwanza si hita gani ninunue, bali je, hii imekufa kweli? Fundi mwenye mita anaweza kujibu ndani ya dakika tano. Elementi ya wati 1,500 katika umeme wetu wa volti 230 inapaswa kusoma takriban omu 35. Ya wati 2,000 husoma kama omu 26. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Ikisoma kati ya ncha ya elementi na ganda lake, umeme unavuja. Katika hali zote mbili elementi inabadilishwa, tenki linasafishwa, anodi mpya inawekwa, na kifaa kinaendelea kuishi. Hata maji yanayovujia kwenye sahani ya chini huenda yakawa ni mpira tu umechoka. Tenki lenyewe likitoboka, maji yakawa yanachuruzika kupitia kwenye kava la nje, hapo hakuna matibabu. Vivyo hivyo ukiona maji moto pekee yanatoka na rangi ya kutu ilhali maji baridi ni safi: kutu imeshaingia tenkini. Hiyo ndiyo hita ya kubadilisha.

Sasa nifike kwenye valvu, na hapa naomba msomaji asiruke mstari.

Kila hita ya kuhifadhi maji hutakiwa kuwa na valvu ya usalama. Ni kifaa kidogo cha shaba, kina mkono mdogo wa plastiki au chuma, na hufungwa pale maji baridi yanapoingilia. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuruhusu maji yaingie lakini yasirudi nyuma. Ya pili ni kufunguka na kumwaga maji nje shinikizo likizidi kiwango chake, ambacho kwa hita za nyumbani huwa baa 7 au 8. Maji yakipata joto hutanuka. Lita 80 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita moja, na lita hiyo lazima ipate pa kutokea. Ndiyo maana valvu iliyo nzima hudondosha matone hita inapopasha. Matone hayo ni dalili ya uzima.

Kinachotokea majumbani ni hiki: mwenye nyumba anachoshwa na sakafu kuloa, anamwita mtu, na mtu huyo anaziba tundu la valvu kwa kipande cha mti, kwa gundi, au anaing'oa kabisa na kuunga bomba moja kwa moja. Sakafu inakauka na kila mmoja anaridhika. Siku themostati ikiganda ikiwa imewashwa, elementi itaendelea kupasha bila kukoma. Maji yaliyofungiwa hayachemki kwa nyuzi 100. Shinikizo huyazuia, yakapanda hadi 110, 120 na zaidi. Tenki likichanika, shinikizo linaondoka kwa mara moja na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke hujaza nafasi takriban mara 1,600 ya ile ya awali. Silinda iliyokuwa bafuni inaweza kupita kwenye dari na paa. Nimeshaona bafu ambalo ukuta wake ulibomolewa namna hiyo, na kama kungekuwa na mtu ndani tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Wapo mafundi wanaodai kwamba nyumba yenye tenki la juu haihitaji valvu, kwa sababu maji yakitanuka yatarudi tu juu kwenye tenki. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni ukweli unaotegemea koki ya maji baridi kubaki wazi siku zote. Mtu mmoja akiifunga ili atengeneze bomba la sinki, huku hita inawaka, kinga hiyo imekwisha. Tena kuna tatizo la pili ambalo miji yetu inalijua vizuri: mgao wa maji. Tenki la juu likikauka na hakuna valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, maji ya ndani ya hita hunyonywa kwenda kwenye mabomba yaliyo chini. Elementi inabaki hewani, inawaka nyekundu na kuungua kwa dakika chache. Hita ngapi zimeuawa na mgao wa maji huku lawama zikiangukia kiwanda! Mimi hushauri hivi: maji yakikatika, zima hita, na usiwashe hadi bomba la maji moto litoe maji mfululizo bila kupiga chafya za hewa. Na yale matone ya valvu yapelekwe kwa kampira kadogo hadi kwenye shimo la maji machafu. Kampira hako kasizibwe.

Adui wa tatu ni nyaya, na yeye hujitokeza hasa pale mtu anapoamua kubadilisha aina ya hita. Wengi wakichoshwa na silinda hukimbilia shawa ya umeme, ile ndogo inayopasha maji papo kwa papo, teknolojia iliyokuzwa Brazil na kuenea kwetu kwa sababu ni rahisi kununua na haishiki nafasi. Silinda ya wati 2,000 huvuta ampea zisizofika 9, na waya wa milimita 2.5 za mraba huimudu bila shida. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 24. Fundi asiye na subira anaing'oa silinda, anaunga shawa kwenye waya uleule, na maji yanatoka moto. Huku nyuma, ndani ya ukuta na juu ya dari ambako hakuna anayetazama, waya unapata joto kila asubuhi, plastiki yake inalainika, inakauka, inapasuka. Shawa ya aina hiyo hutaka waya wake peke yake wa milimita 4 za mraba kwa uchache, na 6 kama boksi la umeme liko mbali, pamoja na breka yake ya ampea 32. Kama kuvuta waya mpya hakuwezekani, basi na shawa hiyo haiwezekani.

Shawa hizi pia huuzwa za namna mbili kwa kuzingatia maji. Zipo ambazo waya wake wa kupashia umelowa moja kwa moja ndani ya maji, na zipo zenye elementi iliyofunikwa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Anayeishi Dodoma, au Dar es Salaam kwa mwenye kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari, akinunua ile ya kwanza anaweza kuhisi ganzi mkononi akigusa koki. Ganzi hiyo si jambo la kuzoea. Ni onyo, na lisipofanyiwa kazi siku moja litakuwa msiba.

Ndipo linapokuja suala la eathi. Nyumba nyingi zina waya wa kijani na njano ulioishia kwenye swichi tu, haukufika ardhini. Au ulifika kwenye fimbo iliyopigwa futi mbili kwenye udongo ambao kuanzia Mei hadi Novemba hauoni tone la mvua. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo fupi ya Dodoma ni kama haipo wakati wa kiangazi. Fundi apime eathi siku anapofunga hita mpya, na palipo na kasoro azamishe fimbo ndefu zaidi. Juu ya hayo, boksi la umeme liwe na kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme mara unapovuja kiasi cha miliampea 30. Kwa mtu aliyesimama peku juu ya sakafu yenye maji, hicho ndicho kinachoamua kama atatoka bafuni kwa miguu yake. Sheria inataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Muombe akuonyeshe, wala usione haya.

Wapo wasiokuwa na hita wala shawa, wanaotumia hita ya ndoo, ule msokoto wa chuma unaotumbukizwa majini. Siwezi kumlaumu mtu kwa kipato chake. Nasema tu: ndoo iwe mbali na watoto, na plagi ichomolewe ukutani kabla ya mkono kugusa maji. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Kuhusu ukubwa, watu wengi hununua hita kubwa kuliko haja yao. Maji ya nyuzi 60 yakichanganywa sawa kwa sawa na maji ya nyuzi 20 hutoa maji ya nyuzi 40, ambayo ndiyo joto la kuogea. Lita 50 za hita kwa hiyo ni lita 100 za kuogea, ndoo tano za lita 20. Familia ya watu wanne wanaooga kwa ndoo, hiyo inawatosha na kusaza. Wanaooga kwa shawa hutumia zaidi, kwa kuwa shawa ya kawaida humwaga lita nane au zaidi kwa dakika. Hao waangalie lita 80. Lita 100 na kuendelea ni za nyumba za wageni.

Ukubwa huo una maana kwenye LUKU. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutumia uniti 3.7. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, ambaye uniti moja humgharimu kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, hiyo ni zaidi ya shilingi 1,300 kila inapopashwa yote. Ikipashwa mara moja kila siku, kwa mwezi ni uniti 111. Aliyewekwa kwenye daraja la watumiaji wadogo, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi, hita hiyo peke yake humtoa nje ya daraja hilo, na kila uniti iliyozidi hutozwa shilingi 350. Hita ya lita 50 kwa hesabu hiyohiyo hutumia uniti 70 kwa mwezi. Na ile inayoachwa imewashwa mchana na usiku huongeza uniti moja au zaidi kidogo kila siku kwa kupoteza joto tu, hata kama hakuna aliyeoga. Kuizima baada ya kuoga na kuiwasha tena saa mbili kabla ya kuoga si ubahili.

Lakini kama hita inabadilishwa, naona ni wakati wa kufikiria jua kwa uzito. Tanzania hupata kati ya saa 2,800 na 3,500 za jua kwa mwaka, na Dodoma ina bahati ya pekee: miezi yake ya baridi ndiyo miezi ya ukavu. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Juni na Julai mbingu ni nyeupe pee. Maji moto yanahitajika zaidi wakati huohuo jua linapopatikana. Wenzetu wa Lushoto, Makete na Njombe, ambako baridi huja na ukungu, hawana neema hiyo kwa kiwango kile. Kenya ilijaribu kuusukuma mwelekeo huu kwa sheria: kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge mitambo ya jua, na wenye majengo wengi walizipinga. Kwetu nadhani hesabu yenyewe inaweza kushawishi kuliko sheria, ingawa bei ya kuanzia ni kubwa na anayejenga kwa mkopo wa mshahara ataihisi.

Anayeamua hivyo azingatie mambo ambayo wauzaji huyapitia juujuu. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri limelala upande wa kaskazini, kwa hiyo mtambo utazame kaskazini. Tenki la maji baridi lazima liwe juu kuliko tenki la mtambo. Minara mingi ya nyumba zetu ni mifupi kuliko paa, na hapo itabidi mnara uinuliwe au pampu iongezwe. Na chokaa haibagui chanzo cha joto. Mabomba ya kioo ya mtambo wa jua nayo hujaa gamba, nayo yanahitaji kusafishwa.

Siku ya kufunga hita mpya, iwe ya aina gani, simama na fundi. Hita ya lita 80 ikijaa ina uzito unaozidi kilo 100. Bolti zake ziingie kwenye tofali imara, kamwe zisishikwe na ubao wa jipsamu, na zile za zamani zilizolegea zisitumike tena. Mabomba ya maji moto yawe ya PPR ya daraja la maji moto, kwa maana bomba la plastiki la gundi linalotumika kwa maji baridi hulainika likizoea nyuzi 60. Hita ijazwe maji kwanza, bomba la maji moto litoe maji mfululizo, ndipo umeme uwashwe. Kinyume cha hapo elementi mpya huungua siku ya kwanza, na duka halitakurudishia fedha. Hakikisha pia themostati ina kinga ya pili ya kukata umeme joto likipita kiasi; fundi anayebadilisha themostati kwa ile ya bei nafuu isiyo na kinga hiyo anakuachia hatari ukutani.

Themostati iwekwe nyuzi 60. Chini ya 50 bakteria wa Legionella, waliogunduliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, wanaweza kuzaliana kwenye tenki. Ila nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde tano, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Nyumba yenye watoto maji baridi yatangulie ndooni, moto yafuate, na mkono wa mtu mzima upime kabla mtoto hajaingia.

Hita ya zamani wauzie wanunuzi wa chuma chakavu ikiwa nzima. Vijana huichoma ili watoe sponji iliyoizunguka, na moshi wa sponji hiyo ni sumu. Usiruhusu jambo hilo lifanyike uani kwako.

Na wewe ambaye hita yako bado inafanya kazi, leo kabla ya jioni itazame kwa chini, pale bomba la maji baridi linapoingilia. Ukikuta hakuna valvu ya shaba yenye mkono mdogo, au ipo lakini tundu lake limezibwa, zima hita kwenye breka na usiiwashe tena hadi fundi afunge valvu mpya.